Mlango wa Injinia

Kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwapunguzia wenzake kelele, yeye mwenyewe alikuwa na kelele nyingi mno. Alicheka kicheko cha kufukuza kuku. Kwenye simu aliongea kana kwamba aliyempigia yuko ng'ambo ya bonde na hakuna mtandao. Pikapu yake ilikuwa na bomba la moshi lililotoboka, na akiwa bado hajakata kona ya kuingia soko la Mbulu, akina mama wauza viazi walikuwa wameshaambiana, "Injinia huyo." Nilimuuliza siku moja kwa nini halizibi lile bomba, yeye ambaye ni wa kwanza kuwapa wenzake somo la kelele. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini ana pua.

"Mganga hajigangi," akasema, akatia gia.

Watu wote walimwita Injinia, na wachache waliotaka kumpendeza walimwita Mama Injinia. Jina lake nalijua ila sitalitaja, maana yeye mwenyewe alisema jina ni la kanisani na la benki. Mwaka aliozaliwa siujui. Kwetu humuulizi mtu mzima mambo hayo; ukikaa naye atakuambia yale yanayokuhusu, na hayo mengine utayasikia msibani kwake, na mimi msiba wake siutaki leo wala kesho.

Nilimjua kwa sababu ya shida ya kazi. Nilikuwa nimerudi nyumbani Maretadu na cheti changu cha uhandisi wa mazingira, na katika uhandisi huo mimi nilikuwa nimejikita kwenye sauti: namna kelele inavyosafiri, inavyopimwa, inavyozuiwa. Chuoni niliona nimechagua kitu cha maana sana. Nyumbani ikawa shughuli nyingine. Tulikuwa tunapura maharage siku hiyo, jirani akamuuliza baba, "Huyu binti amesomea nini hasa?"

"Kelele," baba akasema.

"Kuzipiga?"

"Kuzipima."

Jirani akapiga maharage fimbo kadhaa huku anafikiri. "Na kuna mtu analipa?"

Baba akanitazama mimi nijibu. Nilikuwa nimeomba kazi Arusha, nimeomba Dodoma, nimeomba hadi Mwanza, na kila mahali walitaka mtu mwenye uzoefu, kana kwamba uzoefu unauzwa dukani. Ofisi moja walinisikiliza vizuri kabisa, halafu wakaniuliza kama ningependa kukaa mapokezi, kwa kuwa inaonekana najua kusikiliza. Nilirudi na basi nikiwa nimeshika begi mapajani.

Ni mama aliyesikia kanisani kwamba Mbulu mjini yupo mama mmoja mtu mzima aliyefanya kazi hiyohiyo miaka mingi huko viwandani na migodini, na sasa amerudi, amefungua chumba cha ofisi nyuma ya soko. Mama alinisukuma niende. Nikavaa sketi yangu ya mahafali.

"Shikamoo mama," nikasema mlangoni.

"Marahaba. Karibu, kaa. Baba hajambo? Mama je? Ng'ombe wazima? Mvua kwenu imeshika? Na yule dada aliyeolewa kule Haydom?" Sijui alijuaje kama nina dada Haydom, nadhani alibahatisha, kila mtu kwetu ana dada Haydom. Salamu zilikuwa ndefu mpaka hotuba yangu yote niliyoikariri kwenye basi ikanitoka. Nilipoanza kufungua bahasha ya vyeti akanizuia kwa mkono.

"Fumba macho. Unasikia nini?"

Nikafumba. "Nasikia pikipiki. Watu. Redio."

"Bado," akasema. "Njoo kesho."

Hilo neno "bado" nilikuja kulizoea kama watu wanavyozoea jiwe kwenye kiatu. Na ili msomaji aelewe kwa nini lilinichoma, niseme wazi nilichokuwa nakitafuta. Kazi yetu hii ni ndogo, watu wake wanajuana. Kampuni inayofanya tathmini za mazingira haikutumi peke yako na kipima sauti mpaka mtu aliyemo kwenye kazi aseme kwamba unaweza. Huku kwetu, Mbulu na Hanang nzima, mtu huyo alikuwa mmoja tu. Nilihitaji aseme neno moja, na yeye alikuwa na neno jingine.

Alinichukua lakini. Nilibeba begi la kipimo na miguu mitatu ya kukisimamishia, na yeye alibeba chupa ya chai. Chai ndiyo iliyokuwa sheria yake ya kwanza. Kipimo hakikutoka kwenye begi kabla hajanywa chai na mlalamikaji, halafu akanywa nyingine na mlalamikiwa. Mimi niliona tunapoteza siku. Nilikuwa na haraka ya mtu asiye na kazi, na hiyo ndiyo haraka mbaya kuliko zote.

Kulikuwa na baba mmoja pale mjini aliyelalamikia msumeno wa fundi seremala jirani yake. Alikuwa amekwenda hadi ofisi za wilaya. Tulipofika alieleza jinsi kichwa kinavyomuuma, jinsi watoto hawasomi. Injinia akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, akauliza habari za bustani. Hapo ndipo ikatoka kwamba mbuzi wa seremala waliingia wakala kabichi zake zote, na seremala hakuja hata kuomba radhi. Injinia akaweka kikombe chini.

"Baba yangu," akamwambia, "hiki kipimo kinapima sauti. Kabichi hakipimi."

Akamwita seremala, wakasemezana pale uani, na kipimo hakikutoka begini siku hiyo. Njiani nilimwambia kwamba kwa mtindo huu hatutapata kazi hata moja. Alicheka mpaka pikapu ikayumba.

Nisidanganye lakini, hakuwa malaika wa upatanishi. Kwenye kazi yenyewe alikuwa mkali kama pilipili. Nikisimamisha kipimo karibu mno na ukuta, alinifokea mbele ya watu, na kwa sauti ile yake, kijiji kizima kilijua kosa langu. Halafu jioni ananinunulia sweta la mtumba kwa kuwa ameona natetemeka, na ananichagulia rangi mbaya makusudi ili asionekane ananibembeleza. Sweta hilo ninalo. Ni la rangi ya matope na nalipenda kuliko nguo zangu zote.

Kuimba hakujua hata chembe. Mtaalamu wa sauti asiyeweza kushika noti moja! Kanisani kwake Gitting, alikokuwa anaishi, kwaya walimwomba kwa heshima zote awe anatunza vitabu vya nyimbo. Alikubali, akatunza vitabu, na akaendelea kuimba kutoka pale alipokaa, tena kwa nguvu zaidi. Mwalimu wa kwaya aliniambia wamezoea, wanamchukulia kama mvua kwenye bati.

Kisa alichopenda kukisimulia kuliko vyote kilikuwa cha kosa lake mwenyewe. Alipokuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka huko mijini, aliitwa kijiji kimoja si mbali na kwetu. Mashine ya kusaga ya dizeli ilikuwa jirani na shule ya msingi, na walimu walisema watoto hawasikii somo. Injinia akaja na ujuzi wake wote wa viwandani. Akachimba shimo, akalaza pipa, akalijaza mawe, akaelekeza bomba la moshi humo ndani, kisha akajenga ukuta wa tofali upande wa shule. Mashine iliyokuwa ikisikika vilima vitatu ikabaki inakohoa kama mzee aliyejifunika blanketi. Walimu wakafurahi, mwalimu mkuu akampa kuku.

Baada ya muda mwenye mashine akamfuata Mbulu. Akaketi, wakasalimiana kwa kirefu, ndipo akasema, "Injinia, mashine yangu umeizika."

Injinia hakuelewa. Mwenye mashine akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni. Akina mama wa kilima cha pili hawapakii mahindi kwenye punda kabla hawajasikia mashine. Ikilia, maana yake dizeli ipo, mwenyewe yupo, twende. Isipolia, wanakaa nyumbani na kazi zao, maana nani atashuka bonde na kupanda tena na debe la mahindi bure? Sasa walikuwa wamekaa wakisubiri kusikia, hawasikii, wakaamua mashine imekufa, wakawa wanakwenda kusaga kijiji kingine mbali zaidi. Waliotumwa kuwaambia kwamba mashine ni nzima hawakuaminiwa.

"Nilipima shuleni," Injinia alikuwa akisema hapo, akijifuta machozi ya kicheko. "Nikapima barabarani. Nikapima kwa mwenye mashine. Ng'ambo ya bonde sikwenda. Nani aende ng'ambo ya bonde kupima kelele ambayo hakuna anayeilalamikia?"

Alirudi akatoboa lile bomba kabla halijaingia shimoni, akalitia tundu hilo mfuniko. Asubuhi, watoto wakiwa mstarini wanaimba, mwenye mashine anafungua mfuniko, mashine inaita watu wake, kisha anaufunga na watoto wanaingia darasani. Mpaka leo wanafanya hivyo, na upepo ukiwa wa kwetu mimi huisikia nikiwa nasafisha banda.

Tangu hapo kila kazi aliimalizia kwa swali moja. Tukishajua kelele inatoka wapi, inamuumiza nani na kwa kiasi gani, alikuwa anauliza, "Na nani anaihitaji?" Mara nyingi jibu lilikuwa hakuna. Baa haina anayeihitaji mlangoni pa zahanati, na hapo hakuwa na huruma. Ila aliuliza kila mara.

Wakati mwingine jambo lilikuja kwa kinyume. Tuliitwa uwandani kule chini ya mlima Hanang, kwenye mtambo wa kusaga kokoto za barabara. Karibu yake palikuwa na boma la wafugaji, na mzee wa boma alikuwa amelalamika. Nilipima mimi mwenyewe, sehemu mbalimbali, na kipimo kilionyesha chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Meneja wa mtambo alifurahi, na kwa kweli hata mimi nilifurahi, maana kazi imeisha na jua lilikuwa kali. Injinia hakuondoka. Aliketi kwenye kigoda, akapewa maziwa, akanyamaza na yule mzee. Wakanyamaza wote wawili muda mrefu mpaka mimi nikaona aibu ya kusimama.

Mwishowe mzee akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Hiyo mashine haiumizi masikio yangu. Inanificha ng'ombe."

Ng'ombe wake wa mbele walikuwa na kengele, na kila kengele aliijua. Jioni, mifugo ikirudi, alijua kwa kusikia nani amebaki nyuma, nani amepotea kwenye korongo. Mtambo ulikuwa unasaga hadi jioni hiyohiyo, na kengele zilikuwa zinazama humo. Alikuwa amepoteza mtamba mmoja kwa fisi.

Meneja akasema, "Mama, sisi tuko ndani ya sheria."

"Sheria haina ng'ombe," Injinia akamjibu. "Huyu anao."

Walibishana hadi meneja akachoka, akakubali mtambo uzimwe mapema, wakati wa mifugo kurudi. Tulisubiri kuhakikisha. Mtambo ulipozimwa na vumbi likaanza kutua, tulisikia kengele kwa mbali, moja nzito, nyingine nyepesi, na mzee akasimama, akaenda kufungua zizi. Nilimtazama Injinia. Alikuwa amefumba macho. Nilimpenda sana siku hiyo, na nilimwogopa pia, maana nilijua kwamba mimi peke yangu ningefunga begi nikaondoka zamani.

Pengine na yeye alijua. Siku kampuni moja ya Arusha ilipompigia kumuuliza kama naweza kazi, nilikuwa nimekaa pembeni yake kwenye pikapu, nikasikia kila kitu. Akasema, "Bado." Hakunong'ona, maana hakujua kunong'ona.

Nilishuka pale pale, nikapanda basi hadi Maretadu. Nilikasirika kwa namna ambayo sijawahi kukasirika. Nilimwambia mama kwamba yule mwanamke ni debe tupu, haliachi kuvuma, kwamba ananibania nafasi ili aendelee kupata wa kumbebea begi. Mama hakunigombeza. Aliniacha nivunje kuni.

Sikurudi kazini. Siku chache baadaye nikiwa shambani nikasikia lile bomba la pikapu, mbali, linapanda kilima. Moyo wangu ulifanya vitu viwili kwa wakati mmoja: ukakaza, na ukafurahi. Alikuja na mbegu za viazi za kumpa mama, akaketi uani, akaanza kupukuchua maharage na watu wa nyumbani kama aliyealikwa. Radhi hakuomba. Alikula ugali, akasifu maziwa, akamuuliza baba habari za yule ndama mgonjwa. Alipokuwa anaingia kwenye gari nikamfuata, nikamuuliza nimekosa nini.

"Kipimo unakijua kuliko mimi," akasema. "Mashine unazisikia vizuri sana. Watu bado." Halafu akaongeza, "Kesho tuna kazi Katesh. Uvae sweta."

Nikaenda. Nilikuwa nimemkasirikia, na nilikuwa nimemkumbuka mno.

Sasa nieleze mlango, kwa kuwa huwezi kumweleza Injinia ukaacha mlango wake. Nyumba yake ipo Gitting, kwenye baridi ya mlima, ambako mlango haukai wazi hata mchana. Kiti chake kilitazama jiko, kikaupa mlango mgongo, kwa sababu ya upepo. Na mlango wenyewe ulikuwa unalia. Siongelei mlio wa kawaida wa bawaba kavu. Ulianza chini, kwa kukoroma, ukapanda, na mwishoni ubao ukasugua fremu, ukatoa sauti ya mbuzi anayekataa kuvutwa. Mara ya kwanza nilipoingia nilidhani nimeuvunja. Nikamwambia kwa mzaha kwamba mtaalamu wa kelele anatia aibu.

"Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi," akanijibu bila kugeuka.

Nilifikiri ni methali tu. Baadaye nikaona anavyoutumia. Jirani yake aliyemletea maziwa alisukuma kwa nyonga, mikono yake ikiwa na ndoo, na mlango ulilia kwa kishindo kimoja. Katibu wa kanisa aliufungua kwa adabu, taratibu, akaurefushia mateso. Mwanawe akija kutoka Dodoma aliupiga kwa bega kama alivyofanya alipokuwa mtoto. Injinia aliwakaribisha wote kabla hajawaona, kila mmoja kwa namna yake, na chai ya mtu wa kwake ilikuwa imeshaanza kumiminwa.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe unafungua nusu, unasimama, halafu ndiyo unamalizia," akasema. "Unafungua kama mtu aliyekuja kuomba kazi."

Nilicheka, lakini iliniuma, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa.

Mwaka huu magoti yalimkatalia kabisa. Ofisi ya nyuma ya soko ikafungwa, pikapu ikaegeshwa chini ya mkaratusi, kuku wakaanza kutagia ndani yake. Mimi niliendelea na vikazi vidogo vidogo, kila kimoja kwa jina la Injinia. Ndipo ile kampuni ya Arusha ikanitafuta tena. Walikuwa na nafasi ya kudumu, mshauri wa kelele wa kanda nzima, na walinitaka. Walisema lililobaki ni moja tu: watampigia Injinia mchana wa siku ile kumuuliza kama naweza kwenda kazini peke yangu. Niliomba bodaboda inifikishe Gitting kabla simu haijafika. Nilitaka kumsihi. Njia nzima nilipanga maneno, kama ile siku ya kwanza.

Nikausukuma mlango, na mlango haukulia.

Ulifunguka kama pazia. Injinia alikuwa kwenye kiti chake, mgongo kwangu, akimenya vitunguu saumu. Nikasema, "Shikamoo mama," na aliruka. Bakuli likaanguka, vitunguu vikatawanyika hadi chini ya jiko. Sikuwahi kumwona Injinia ameogopa. Alishika kifua, akageuka kwa shida na yale magoti, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Nani? Nani ameingia?"

"Ni mimi, mama. Binti wa Maretadu."

Nikapiga magoti nikaokota vitunguu, kwanza kwa kuwa vilianguka, na pili kwa kuwa sikutaka aone uso wangu. Tukanywa chai. Katikati ya chai ndipo akasema. Mwanawe alikuja likizo, akaona mama yake anateseka na mlango mbovu, akanunua grisi, akapaka bawaba zote, akaukaza ukakaa sawa. Alifanya kazi siku nzima kwa upendo, akaondoka anafurahi.

"Nitamwambia nini?" akasema. "Ni zawadi. Lakini tangu hapo naishi kama mgeni humu ndani. Jirani anasimama nyuma yangu na maziwa, sijui. Juzi upepo umefungua, mbuzi ameingia, amekula unga, mimi nimekaa hapa hapa. Nilikuwa nasema kelele za mlango hazikoseshi usingizi. Kumbe ukimya ndio unaokosesha."

Macho yake yalikuwa na maji. Mimi yangu pia. Maneno niliyoyapanga kwenye bodaboda niliyaacha, na sikuyakumbuka tena.

Nikamimina chai nyingine. Nikamuuliza nani anaingia mara nyingi, asubuhi au jioni. Nikamuuliza yupi anayetaka kumsikia kabla hajafika kwenye kiti. Nikamuuliza itakuwaje mwanawe akija tena akakuta mlango unalia.

Akafikiri, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nitamwambia baridi ya Gitting inakula grisi."

Nikatoka nje na bisibisi, mafuta ya taa na kitambaa. Nikachomoa pini za bawaba, nikazifuta kwa mafuta ya taa, nikazisugua na majivu mpaka zikakauka, nikazirudisha. Nikafungua mlango. Ulipiga kelele nyembamba, ya haraka.

"Huo ni mlango wa zahanati," akasema kutoka ndani. "Bado."

Nikafuta tena bawaba ya chini, ambako grisi ilikuwa imejificha. Mlango ukakoroma, ukapanda, ukakatika.

"Huo ni wa mwenyekiti wa kijiji. Bado."

Kwa mara ya kwanza neno hilo halikuniuma. Nilisimama pale kwenye baridi, nikafumba macho, nikausikiliza ule mlango wa zamani kichwani mwangu, jinsi jirani alivyousukuma kwa nyonga, jinsi mtoto wa nyumba alivyoupiga bega. Kilichokosekana ni yule mbuzi wa mwishoni. Mlango wa zamani ulikuwa umelala kidogo, ndiyo maana ubao ulisugua fremu; mwanawe ndiye aliyeunyoosha. Nikaanza kulegeza skrubu za bawaba ya juu, taratibu, nikiupima kwa mkono.

Hapo simu yake ikaita. Kwa sauti ile yake, sikuhitaji kutega sikio.

"Haloo! Ndiyo, mwenyewe. Nani? Binti wa Maretadu? Yupo hapa. Hapana, hawezi kuja kwenye simu, yuko kazini." Kimya. "Peke yake, ndiyo. Mimi nimekaa na vitunguu saumu vyangu." Kimya tena, kirefu. Bisibisi ilikuwa imeganda mkononi mwangu. "Sasa unaniuliza mimi nini? Subiri, usikate. Wewe huko nje! Ingia!"

Nikausukuma. Ulianza chini, ukakoroma, ukapanda, na mwisho kabisa ubao ukakamata fremu, mbuzi akakataa kuvutwa, akalia mpaka ukutani. Injinia alikuwa ameinua simu juu kwa mkono ulionyooka, kuelekea mlangoni, macho amefumba.

Akairudisha sikioni. "Umesikia? Huo ni mlango wangu. Yeye ndiye ametengeneza." Mtu wa Arusha alisema kitu. "Ndiyo, unalia. Ulikuwa haulii! Basi, mchukueni, na mlete gari zuri, barabara zetu mnazijua." Akakata bila kuaga, kama alivyozoea.

Nilibaki nimesimama mlangoni, mikono yote inanuka mafuta ya taa. Yeye alikuwa ameshachukua kisu na kitunguu, amegeukia jiko.

"Unaingiza baridi," akasema. "Toka, funga, halafu uingie vizuri kama mtu."

Nikatoka. Nikafunga. Nikajifuta mikono kwenye sweta la rangi ya matope, nikavuta pumzi, nikausukuma mlango. Nilisahau kusimama katikati. Ulilia moja kwa moja hadi mwisho.

Hakugeuka. Alikuwa tayari anamimina chai.

"Karibu, injinia," akasema.